Bi Zulekha na Madaraja ya Kaskazini

Nyinyi mnaocheka, chekeni tu. Najua mnavyoniita pale getini Mobeni, hapa Durban: Baba Daraja. Juzi kijana mmoja mwenye lori la kiyoyozi na simu inayomwambia kata kushoto, kata kulia, aliniuliza mbele ya wenzake, "Baba, ni kweli ulisimamisha lori katikati ya barabara kuu ukashuka kutafuta mbao?" Wenzake wakavunjika mbavu. Ni kweli, mwanangu. Kaa nikuambie, ila zima kwanza hiyo simu, isije ikanikata kushoto kabla sijamaliza.

Udereva nilifundishwa Kongo, na mzee mmoja aliyeitwa Papa Kashindi, kwenye njia ya Uvira kwenda Fizi. Kule daraja lilikuwa magogo mawili na imani. Ukifika mtoni unasimamisha lori, abiria wote wanashuka na mbuzi wao, na dereva anavuka kwa mguu mpaka ng'ambo. Anapiga kila gogo kisigino, anasikiliza. Akikuta watu upande wa pili anawasalimia vizuri, anawauliza nani alipita jana na alibeba nini. Ndipo anarudi kuwasha. Siku moja mvua inanyesha nikajifanya mjanja, nikabaki kwenye usukani. Papa Kashindi alinizaba kofi la shingo. "Hilo daraja unalijua weye?" akaniuliza. "Mlionana wapi?" Tangu siku hiyo miguu yangu ikiona daraja inashuka yenyewe, kichwa hakiulizwi.

Basi nichukue mimi huyo, uniweke Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini, siku ya kwanza kazini. Tumetoka Mobeni na shehena ya vyoo vya kauri, tajiri wangu amekaa pembeni yangu. Barabara inapanda, inapita juu ya barabara nyingine. Naona daraja. Mguu unakanyaga breki. Kufumba na kufumbua niko chini, napiga zege kisigino, na nyuma yangu magari yanapiga honi utadhani tunapeleka bibi harusi. Tajiri akatoa kichwa dirishani.

"Baba Neema! Unatafuta nini huko?"

"Mbao, Patron."

"Mbao gani? Daraja hili linabeba malori tangu mimi niko shule!"

Nilirudi kwenye usukani nimelowa jasho. Tukaenda mpaka kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani wanavyoziita hapa, ikatuwakia nyekundu. Akanitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akatoa leso. "Eish," akasema. "Nimetafuta dereva, nimepata mkaguzi wa madaraja."

Huyo ndiye Bwana Yusufu, ambaye mimi nilimwita Patron kama tunavyosema kwetu. Mzaliwa wa Durban, ila wazee wake ni wale watu wa asili ya Afrika Mashariki waliokaa kwanza Bluff, pale juu ya bandari. Kiswahili alikipata kwa bibi yake, kikiwa na adabu zake zote, na akikasirika alikichanganya na Kizulu na Kiingereza mpaka hujui unatukanwa kwa lugha ipi. Mali yake ilikuwa lori moja, nalo alilipa jina la bibi huyo, BI ZULEKHA, kwa rangi ya kijani juu ya kioo cha mbele. Ndani ya Bi Zulekha hakuna sigara, hakuna matusi, na Ijumaa hakuna muziki. Nikisahau nikapiga mluzi, alikuwa ananinyooshea kidole juu na kusema, "Bibi anasikia."

Siku zile redio ilikuwa haina habari nyingine ila barabara mpya. Itatoka Zululand, itapita kwenye mchanga wote ule wa kaskazini hadi mpaka wa Msumbiji, na Swaziland nayo itaungwa humo humo. Ajira! Watalii! Biashara! Ukikaa ukasikiliza ungedhani lami yenyewe itafungua maduka. Patron naye aliamini, lakini aliamini kwa akili. Alinifafanulia siku moja tunapakia saruji.

"Sasa hivi wakubwa wenye malori marefu hawaendi kule, wanaogopa mchanga," alisema. "Lami ikifika, na wao watafika nayo. Kwa hiyo sisi tujulikane kabla ya lami. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Shida ilikuwa moja. Tulikwenda kaskazini tumejaa, saruji, vyoo, vitanda vya hoteli za watalii, na tukarudi Durban tupu. Lori tupu linakunywa mafuta kama lililojaa, vijana, na linakudharau njia nzima kwa kelele za bodi. Barabara ambayo mali inakwenda upande mmoja tu hainufaishi mtu kule inakokwenda. Inawaletea vitu vya kununua na haiwaachii cha kununulia.

Na lori halikuwa la Patron peke yake, lilikuwa la urithi, lake na kaka zake wawili. Kaka walikuwa wamechoka kusikia habari za kesho. Wakampa mpaka lami ifike. Ikiwa siku hiyo Bi Zulekha bado anarudi tupu, anauzwa, na mnunuzi alishapatikana: mtu wa vyuma chakavu. Shida hiyo ilikuwa yangu pia, kwa sababu binti yangu Neema na mama yake walikuwa bado kambini Kigoma wakingoja niwaite. Mkimbizi akipoteza kazi hapotezi kazi tu. Ningewaambia nini?

Basi tukawekeana mkataba wa mdomo. Kusini ya mto Tugela, mimi ni dereva wake na hakuna kushuka kwenye daraja lolote, hata likitetemeka. Kaskazini ya Tugela yeye ni abiria wangu.

Ngoja niwape kitu hapa kabla sijasahau, maana siku hizi mnategemea matairi makubwa. Mchanga hauvukwi kwa nguvu. Punguza upepo kwenye matairi, yalale kidogo kama ndala. Pita asubuhi mchanga ungali na umande, maana jua likishapanda unakuwa unga. Usikanyage breki, acha lori lichoke lenyewe. Na ukikwama, zima injini, shuka, kunywa maji, kasirika huko nje. Patron alikuwa akinipigia kelele, "Ongeza moto! Ongeza moto!" na kila akiongezewa moto tulikuwa tunachimba kaburi la Bi Zulekha. Siku ya tatu ya kupiga koleo alinyamaza mwenyewe.

Turudi kwenye madaraja. Huko kaskazini, mahali panapolimwa mananasi, kulikuwa na kijito chenye daraja la zamani, chuma na mbao, na ng'ambo yake kibanda cha bati ambamo wanawake walikaa na mali yao. Mara ya kwanza nilishuka kama kawaida, nikalipiga mguu kwa mguu, sikio chini. Wale mama wakaangua kicheko. Mmoja wao, mnene, mwenye kofia ya sufu jua linawaka, akaniita.

"Hawu, baba! Unalipima daraja letu, au unacheza?"

Huyo ni MaGumede, mkubwa wa wale wote, ingawa hakuna aliyempigia kura. Kizulu changu kilikuwa cha kuombea chakula tu, lakini Kizulu na Kiswahili ni ndugu waliopotezana: nyama ni inyama, watu ni abantu, na penye pengo unaweka mikono. Nikamwambia kwetu ndivyo tunavyofanya, daraja linasalimiwa na watu wake wanasalimiwa. Akaona ni adabu. Akaniuliza lori linatoka wapi. Durban. Basi safari ijayo nimletee mabati ya paa na misumari. Wa pembeni yake akataka dawa ya mbuzi. Mwingine viatu vya shule, akanionyesha urefu wa mguu wa mtoto kwa kijiti, akakikata, akanipa.

Patron alikuwa amebaki ndani, kioo kimepandishwa, anatazama saa. "Unapiga soga na siku inakwenda," akaniambia niliporudi.

"Patron, iko mzigo."

"Mzigo wa kwenda! Mabati ni mzigo wa kwenda! Mimi nataka wa kurudi!"

"Wa kurudi pia iko. Umeangalia nyuma ya kile kibanda?"

Hakuwa ameangalia. Nyuma ya kibanda kulikuwa na mananasi, mananasi, mananasi, yanaiva na kuoza palepale, kwa sababu taxi za abiria zilikubali gunia moja mbili tu juu ya paa, na hakuna lori lililowahi kusimama. Malori machache yaliyopita yalivuka lile daraja mbio, macho mbele. Patron alishika usukani wangu kwa mikono miwili kama mtu anayesali. Safari iliyofuata tulileta mabati, dawa na viatu, vikamfaa mtoto, na tukapakia.

Sasa sikilizeni habari ya aibu, na si yangu. Mimi nilisema turubai liachwe wazi pembeni. Patron, mtu wa mji, alisema mzigo hufunikwa, tena vumbi lile litayachafua mbele ya wanunuzi. Akapanda mwenyewe, akavuta kamba mwenyewe, akamfunga Bi Zulekha kama maiti. Tukafika Durban Jumamosi jioni, soko limefungwa. Jumapili yote lori likakaa uani Mobeni juani, kwenye joto lile la Desemba ambalo mnalijua. Jumatatu asubuhi Patron akawaita kaka zake waje waone mzigo wa kurudi kwa macho yao. Walikuja wamependeza. Kaka mkubwa ni mtu wa dini sana, haji, mwenye ndevu nyeupe na manukato. Patron akafungua kamba kwa madaha, akavuta turubai.

Jamani! Ile harufu ilitoka kama mlango wa baa. Juisi inachuruzika chini ya bodi, inachemka mapovu, nzi wanapepesuka. Walinzi wa kiwanda cha jirani wakaja kuuliza kama inauzwa. Haji akasogea nyuma, akaziba pua kwa kofia, akasoma lile jina la kijani juu ya kioo, akamgeukia mdogo wake.

"Yusufu," akasema polepole, "umemlevya bibi yetu."

Mimi nilikwenda nyuma ya tairi nikacheka mpaka tumbo likauma. Kisha nikakumbuka mtu wa vyuma chakavu, na kicheko kikakauka.

Safari iliyofuata ndiyo iliyokuwa nzito. Mananasi yale yalikuwa mali ya wale mama mpaka yauzwe, kwa hiyo hasara ilikuwa yao. Nilishuka, nikavuka, nikawaambia ukweli. MaGumede hakucheka. "Mananasi yanapumua, baba," alisema. "Ungemfunga mtoto hivyo?" Halafu, kwa kuwa alikuwa mama wa haki, akanifundisha papo hapo: yachumwe yakiwa bado na kijani chini, yalazwe kwa tabaka na majani makavu katikati, turubai liwe paa na si blanketi. Hayo niliyafuata maisha yangu yote, na nyinyi mnaobeba maembe na ndizi yafuateni pia. Nilipodhani mambo yamekwisha, akanyoosha kidevu kuelekea lori.

"Mwenye lori mbona hashuki?"

"Ana aibu, mama."

"Aibu yake inakaa ndani ya gari, hasara yetu inakaa juani. Siku atakaposhuka, tutapakia tena."

Nikampelekea Patron ujumbe. Alivimba. "Mimi nishuke nitembee darajani kama mbuzi wako wa Fizi? Wewe si umeshaomba msamaha?"

"Mimi nimeomba wa dereva. Wao wanataka wa mwenye mali."

"Endesha, Baba Neema."

Nikaendesha. Na hivyo tukawa tunakwenda na kurudi, yeye amekaza shingo, MaGumede amekaza shingo, na mimi katikati nikivuka kwa mguu na mabati na dawa za mbuzi, kwa sababu maagizo yao sikuyaacha hata safari moja. Patron alijua, alikuwa anapanga nafasi yao kwenye bodi mwenyewe. Lakini kushuka, hapana. Tunarudi tupu, bodi inapiga kelele, na kila safari tunaikuta lami imesogea. Wale vijana wa barabara walitupungia mikono kwa furaha, na mimi niliwapungia huku nawaomba moyoni wakawie kidogo. Nani ameshawahi kuombea barabara isimalizike? Mimi. Niliiombea kanisani.

Haikusikia. Siku moja tukatoka kwenye kona tukaikuta lami mpaka kwenye kijito chetu. Daraja la mbao limeondolewa, limewekwa la zege, jeupe, na kingo zake. Na ng'ambo, mbele ya kibanda cha mama, limesimama lori refu jipya la kampuni fulani kubwa. Injini haijazimwa. Kijana mwenye miwani ya jua ametoa kiwiko dirishani, anazungumza na MaGumede kutoka juu, na MaGumede anamsikiliza ameinua uso.

Nikasimamisha Bi Zulekha upande wetu. Nilimtazama Patron. Lami imefika, wakubwa wamefika nayo, sawasawa kama alivyotabiri, na sisi tuko upande usiofaa wa daraja.

Nikaanza kufungua mlango nishuke, kwa mazoea. Akanishika mkono.

"Kaa," akasema.

Akafungua mlango wake. Ilikuwa Ijumaa, alikuwa na kanzu safi na viatu vya kung'aa. Akashuka, akajinyoosha, akasimama mwanzo wa lile daraja jipya, daraja ambalo lingebeba malori kumi bila kukohoa. Akainua mguu, akalipiga kisigino. Akainama akasikiliza. Akapiga tena. Wallahi alikuwa makini kama daktari. Alivuka lote hivyo, hatua kwa hatua, kanzu inapepea, na wale mama wakaanza kusimama mmoja mmoja kibandani. Nilisikia kigelegele kimoja, kisha vingi.

Maneno yao sikuyasikia, nilikuwa mbali. MaGumede ndiye aliyenisimulia baadaye. Anasema Patron alivua kofia, akamsalimia kila mmoja, akasema, "Mama, turubai nililifunga mimi. Mananasi yenu niliyaharibu mimi, si dereva wangu." MaGumede akamuuliza swali moja tu: "Mabati ya leo yako wapi?" Patron akaonyesha lori. MaGumede akamgeukia yule kijana wa miwani, akamwambia, "Wewe unataka mananasi. Huyu anajua sisi tunataka nini." Kijana akapandisha kioo, akaondoka zake. Sikumlaumu. Kazi yake ilikuwa haraka, na hakuwahi kuwa na Papa Kashindi wa kumzaba shingo.

Kutoka kwenye usukani niliona tu lori refu likinipita. Kisha nikamwona Patron amerudi mpaka katikati ya daraja, jasho linamtoka, anatikisa kofia juu. Nyuma yake wale mama walikuwa wameshaanza kubeba mananasi vichwani kuyasogeza barabarani.

"Baba Neema!" alipaza sauti, na kwa mara ya kwanza alisema kama tunavyosema sisi wa Kongo. "Iko salama! Njoo!"

Bi Zulekha angerudi amejaa, mtu wa vyuma chakavu hampati tena, na hapo hapo nilijua Neema na mama yake watakuja. Nikaweka gia ya kwanza, nikavuka polepole nyuma yake. Lilikuwa daraja langu la kwanza kaskazini ya Tugela kuvuka bila kushuka. Machozi yalikuwa yananitoka, na wale mama wakaniona. Nilitaka kusingizia vumbi, lakini vumbi lilikuwa halipo tena. Barabara ilikuwa ya lami.